Presha ya Makindye

Naila aliposikia kwamba wamepewa nyumba Makindye, hakuuliza ina vyumba vingapi. Aliuliza jambo moja tu.

"Ina bomba ndani?"

"Ina mabomba matatu," mumewe akamjibu. "Jikoni, bafuni, na moja la nje la kumwagilia maua."

"Maua yana bomba lao?"

"Maua yana bomba lao."

Naila akakaa chini. Miaka ishirini na miwili alikuwa ameteka maji kwenye kisima cha Kawempe, kule bondeni, ndoo moja kichwani na nyingine mkononi, akibanana kwenye foleni na wanawake wenye viwiko vigumu kama nondo. Kumbe katika mji huu huu, juu ya kilima, kulikuwa na maua yasiyojua foleni ni kitu gani.

Mumewe, Hamdun, alikuwa fundi wa kanzu. Babu wa babu yake alifika Buganda na msafara wa wafanyabiashara wa pwani, akapapenda, akasahau kurudi, na tangu hapo ukoo wao ukawa wa watu wa duka, sindano na msikiti. Kanzu ya Hamdun ilijulikana kwa tarizi yake nyekundu ya kifuani. Mwaka huo wa sabini na tatu meja mmoja wa jeshi alishonewa kanzu ya Idi, akajitazama kwenye kioo mbele, akajitazama nyuma kadiri shingo ilivyomruhusu, akajipenda kupita kiasi. Furaha ikamtuma aandike barua kwa kamati iliyokuwa ikigawa nyumba zilizoachwa na Wahindi waliofukuzwa nchini mwaka uliotangulia. Wiki tatu baadaye fundi Hamdun, ambaye maisha yake yote alikuwa na chumba kimoja na baraza, akapata nyumba yenye ngazi ndani.

Jirani yao Aloyo ndiye peke yake aliyegoma kupiga vigelegele. Aloyo alikuwa nesi wa zahanati, mwanamke wa Kiacholi mwenye mdomo usio na breki, mke wa Olweny wa polisi ya trafiki.

"Mama Uthman, ufunguo wa hiki chumba nipe mimi," alisema. Uthman ni mtoto pekee wa Naila, alikuwa Jinja akifanya kazi kiwandani.

"Wa nini, Sista? Sisi tunahama."

"Mnakwenda kutembea tu. Nitaweka makaa yangu na kuku watatu, mwenye nyumba asimpangishe mlevi. Mkirudi, mtawaambia kuku wahame."

"Haturudi!"

"Sawa. Kuku wamesikia."

Mwezi wa kwanza Makindye, Naila alikuwa akifungua bomba bila kuhitaji maji. Alilifungua kulisikiliza tu. Alisugua jikoni mpaka ukuta ukamwonea aibu. Sehemu moja tu hakuigusa: kwenye ubao wa mlango mtu alikuwa ameandika kwa penseli urefu wa watoto watatu, mstari juu ya mstari, na majina na tarehe pembeni. Mstari wa juu kabisa ulikuwa wa Agosti, mwaka wa sabini na mbili. Naila alifika pale na kitambaa chake chenye sabuni, akasimama, akasugua kuzunguka. Nje akapanda mche wa papai, labda ili na yeye awe na kitu kinachorefuka.

Mabadiliko yalianza miguuni mwa Hamdun.

Kawempe alikuwa akikanyaga cherehani kutwa, miguu ikienda kama ya mtu anayepanda mlima asioufikia. Mara tano kwa siku aliinuka kwenda msikitini, na msikiti ulikuwa mwinuko, na njia ilikuwa ya watu. Asalamu alekum hapa, wasuze otya pale, ubishi wa mpira na Muhamadi muuza mkaa, utani na Mbambu wa nyanya, mpaka afike amekwisha kutoka jasho na ameshacheka mara nne. Nyuzi alizifuata Wandegeya kwa miguu. Chakula kilikuwa matoke na mchicha, ule tunaouita dodo, na nyama siku ya Ijumaa ikikubali.

Makindye alikuta chini ya ngazi cherehani ya umeme. Ilikuwa ukiigusa kwa ncha ya kidole cha mguu, inakimbia yenyewe. Hamdun aliifurahia kama mtoto. Msikiti ulikuwa mbali, akawa anasali nyumbani. Wateja wake sasa walikuwa maofisa, na maofisa hawatembei na mchicha. Walimletea samli ya kopo, siagi ya kopo, nyama ya kopo, na sukari kwa mfuko mzima, wakati wenzake Kawempe walipanga foleni ya robo kilo. Kwa miezi sita mkanda wake ukahama matundu manne.

"Umeng'aa, Baba Uthman," Naila alimwambia.

"Nimejaa," Hamdun akasema, akihema. Alikuwa amepanda ngazi tu.

Soko lilikuwepo, siyo kwamba halikuwepo. Lakini njia yake ilipita mbele ya geti la baraks, kambi ya jeshi. Naila aliipita mara moja. Askari akamwita, akamwambia afungue kikapu, akakuta dodo, akamuuliza kwa nini dodo ni nyingi. Swali hilo halina jibu zuri. Hakupita tena.

Na usiku na mchana malori yalipanda na kushuka. Zilisikika pia sauti nyingine, ambazo kila mtu alisema ni matairi yanapasuka, ingawa nchi nzima haikuwa na matairi ya kutosha kupasuka kiasi hicho. Kila sauti ikilia, sindano ya Hamdun ilisimama. Akahesabu pumzi, akaendelea. Kanzu zake, ambazo tarizi zilikuwa zimenyooka kama safu ya sala, zikaanza kuwa na vituo.

Ramadhani ilipofika, Naila akafanya kosa ambalo ni mtu wa kwao tu angelifanya. Kawempe, kabla ya jua kuzama, sahani zilikuwa zinavuka barabara: wewe unapeleka vitumbua, jirani anarudisha sahani na ndizi, na mke wa polisi asiyefunga naye anapokea na kurudisha, maana sahani kurudi tupu ni matusi. Basi Naila akapika, akafunga sahani yake ya maua ya buluu kwa kitambaa, akaenda kugonga geti la jirani. Mtu akamtazama kupitia tundu. Akaipokea bila neno. Asubuhi sahani ilikuwa chini, nje ya geti la Naila, kitambaa kimefungwa fundo lile lile alilolifunga mwenyewe, vitumbua vyote kumi na viwili ndani, vimekauka.

Hakuna aliyemtukana. Watu walikuwa wanaogopana tu, kila nyumba ikidhani nyingine ina sikio la serikali. Naila aliketi na ile sahani mapajani, na kwa mara ya kwanza bomba lilipodondosha tone jikoni, hakulipenda.

Halafu ikaja ile jeep.

Ilianza baada ya mwaka mpya. Kila siku saa kumi alasiri jeep ya jeshi ilisimama chini ya mti mbele ya geti lao, injini ikazimwa, na sajini mmoja mnene akabaki ndani. Hakushuka wala hakupiga honi. Baada ya dakika ishirini aliondoka. Siku ya kwanza Hamdun alisema ni bahati mbaya. Siku ya tano alisema wanamchunguza. Siku ya kumi alisimama nyuma ya pazia mkono kifuani mpaka jeep ilipoondoka, kisha akasali rakaa mbili.

Wiki ya sita, katika sala ya adhuhuri, Hamdun alisujudu, hakuinuka.

Hakufa. Kama angekufa nisingekuwa na ucheshi wa kuwasimulia. Naila alimgeuza, akammwagia maji ya hilo hilo bomba, akapiga kelele mpaka dereva wa ofisa mmoja aliyekuja kuchukua suruali akawapeleka hospitali. Daktari alimpima, akamweka siku nne, akamwita Naila pembeni.

"Mama, ni presha. Moyo umechoka kusukuma. Nimempa vidonge, na aache chumvi na samli. Lakini likija shtuko lingine kama hili, siwezi kuahidi atapona. Anahitaji utulivu. Mnakaa wapi?"

"Makindye, daktari. Juu kilimani."

"Vizuri sana! Huko kuna hewa."

Naila akaitikia. Hewa ilikuwepo kweli.

Aloyo akaja Jumamosi ile ile. Aliingia na kikapu cha dodo, na chini ya dodo alikuwa ameficha mashine yake ya presha, ile yenye saa ya duara na mpira wa kubana mkono, aliyoachiwa na sista mmoja wa misheni aliyerudi kwao Ulaya. Naila akampokea kikapu. Mwaka ule, Waacholi wakisakwa na jeshi, mwanamke wa Kiacholi hakuwa na sababu yoyote ya kupita mbele ya geti la baraks kwa hiari yake. Aloyo alipita.

"Walikuuliza kwa nini dodo ni nyingi?"

"Waliuliza. Nikawaambia nina mgonjwa mwenye tumbo kubwa." Akamgeukia Hamdun. "Na sikudanganya, ona hili! Fundi, umeshonewa tumbo na nani? Lete mkono."

Akapuliza mpira, akasikiliza. Akapuliza tena. Utani ukamtoka usoni.

"Mia mbili kwa mia na ishirini," alimwambia Naila jikoni. "Banange, Mama Uthman. Mimi nimepima mpaka watu walioanguka kwenye pikipiki. Vidonge anameza?"

"Mbele yangu. Chumvi nimetupa. Ni ile jeep, Sista. Ile jeep ndiyo inayomuua."

Jumatatu saa kumi jeep iliposimama, Naila alikuwa tayari. Alikuwa amekaanga vitumbua. Akavipanga kwenye sahani ya maua ya buluu, akamwambia mumewe abaki kitandani, akafungua geti. Akaiendea jeep.

"Asalamu alekum, afande."

Sajini akaondoa kofia iliyomfunika uso. "Alekum salam. Mama, unataka nini?"

"Nimekuletea vitumbua."

"Nani alituma wewe?"

"Hakuna. Nimevikaanga mwenyewe."

Sajini akaitazama sahani kama bomu. Naila akaelewa, akachukua kimoja, akatafuna, akameza.

"Labda hiyo ndiyo haina sumu," sajini akasema.

"Basi nichagulie wewe."

Akamwonyesha cha katikati. Naila akala. Akamwonyesha cha chini kabisa. Akala. Alipoukunjua mkono kutafuta cha nne, sajini akaivuta sahani upesi. "Ngoja, zitaisha!"

Alikula vitatu bila kupumua. Naila akamwacha ameze.

"Afande, tumekukosea nini? Kila siku unasimama hapa. Mume wangu ana moyo mgonjwa. Kama umetumwa kumchukua, niambie nijue. Kama hukutumwa, niambie nimwambie yeye."

"Kuchukua nani? Mimi najua mume yako?" Sajini alishangaa kwa dhati, na kitumbua mdomoni. "Mimi nakuja lala."

"Kulala?"

"Nyumba yangu kwa baraks ni chumba moja, mama. Watoto iko nane, na mama yangu, na redio ya jirani. Nikitoka kazi kichwa inalia. Hapa iko mti, iko kimya. Nalala kidogo, narudi. Jina yangu Sajini Rajabu. Vitumbua ni mzuri."

Naila akacheka, akashika geti asianguke, akajikuta analia. Wiki saba mumewe alikuwa akifa kidogo kidogo kwa sababu ya usingizi wa mtu mwingine.

Hamdun alipoambiwa, naye alicheka mpaka Naila akaogopa kicheko chenyewe kitamdhuru. Kesho yake sajini alikoroma chini ya mti na Hamdun akaendelea kushona. Naila akajua wamepona.

Jumamosi Aloyo akapima. Mia na tisini kwa mia na kumi na tano.

"Tu?" Naila akasema. "Lakini haogopi jeep tena!"

"Jeep ilikuwa tundu moja. Paa lenu hili lina matundu mengi." Aloyo akakunja mpira wake. Akamtazama Hamdun aliyeshtuka kwenye kiti kwa mlango wa lori uliobamizwa mbali. Akatazama ngazi, makopo ya samli juu ya kabati, geti lililofungwa kwa mnyororo. "Harusi ya binti wa Mbambu ni Ijumaa. Mtakuja kulala kwetu siku tatu. Vidonge vile vile, mkono ule ule, mashine ile ile. Nataka kuona kitu."

Walikwenda. Kuku wa Aloyo waliwakubalia nusu ya chumba. Hamdun akachukuliwa na watu kabla hajaketi: Muhamadi muuza mkaa alimdai ubishi wa mpira wa mwaka mzima, na walibishana mpaka msikitini, wakasimama kupumzika mara tatu njiani kwa sababu ya tumbo, na kila waliposimama watu wakazidi. Usiku kucha harusi ilipiga ngoma. Jogoo aliwika saa tisa. Mlevi mmoja aliimba chini ya dirisha wimbo mzima na kiitikio. Hamdun alilala fofofo.

Siku ya kwanza mia na themanini. Ya pili mia na sabini. Jumapili asubuhi, akitoka kubishana, mia na hamsini na nane kwa mia.

Aloyo aliyaandika yote kwenye daftari la shule, akampelekea Naila kisimani, maana Naila alikuwa amekwenda kuteka maji ya kuoga.

"Soma."

Naila akasoma. Nyuma yake mwanamke alimpiga kiwiko asogee. Naila hakuhisi.

"Sista, hapa kuna kelele. Kuna vumbi, kuna mbu. Kule kuna hewa!"

"Mimi sikusema kwetu ni peponi. Mvua ikinyesha choo cha Muhamadi kinakuja kutusalimia. Ila mimi napima mkono, sipimi nyumba. Mkono ndio huo."

Naila akatazama ndoo yake. Akaona mabomba matatu. Akaona lile la maua. Akalia, na sitawaficha, alikuwa akililia bomba. Kisha akapangusa uso kwa maji ya kisima.

"Tunarudi Kawempe," akasema.

Hamdun ndiye aliyekataa. "Mke wangu, umerogwa? Unarudishaje zawadi ya serikali? Watauliza: ina kasoro gani? Nani amekwambia serikali hii haitakaa sana? Kuna mtu alirudisha duka, mpaka leo mkewe anamtafuta."

"Ukibaki, nitakuzika."

"Nikirudisha, hutapata wa kuzika."

Wote wawili walikuwa wamesema kweli.

Jumatatu saa kumi Naila akakaanga tena. Sajini Rajabu alikwisha kuzoea, aliamka kabla hajagongewa.

"Afande," Naila akasema, "hii nyumba unaipenda?"

"Nzuri sana."

"Basi ichukue."

Sajini akaruka mpaka kofia ikagonga paa la jeep. "Iko shetani ndani?"

"Hakuna."

"Iko maiti?"

"Afande!"

"Basi kwa nini? Watu napigania nyumba, napigana mpaka bunduki, wewe nasema chukua?"

Naila alikuwa ametunga uongo mzuri usiku kucha. Akausahau wote. "Kimya hiki wewe kinakulaza, mume wangu kinamnyonga. Amezoea watu. Hapa hana hata wa kubishana naye. Na wewe una watoto wanane kwenye chumba kimoja. Lakini tukirudisha wenyewe tutaonekana tumeidharau serikali. Sijui nifanye nini. Nimekwambia wewe kwa sababu ulikula kwenye sahani yangu."

 Sajini akatazama kitumbua mkononi kama aliyeandikiwa barua humo. "Iko bomba ndani?" akauliza taratibu.

Naila akampeleka jikoni, akamfungulia. Sajini akaweka kidole kwenye maji, akakitazama.

"Mke yangu Akot ataona hii, atalia."

"Na mimi nililia."

"Ngoja niongee na meja. Mimi najua vile anapenda kusifiwa."

Alijua kweli. Alimwambia meja kwamba yule fundi wake ni mzalendo wa ajabu, mzee na mkewe wawili tu, wameona aibu kulala vyumba vinne wakati watoto wanane wa mwanajeshi wanabanana, wanaomba ruhusa ya kuwaachia. Meja akaguswa na wema ambao kwa sehemu aliuona ni wake. Barua ikatoka, na muhuri, ikisema fundi Hamdun ameitoa nyumba kwa hiari na kwa mapenzi ya taifa. Ni karatasi pekee ya serikali ya miaka ile ambayo Naila aliibusu.

Siku ya kuhama, alirudisha cherehani ya umeme chini ya ngazi, pale pale alipoikuta, akaifunika shuka safi. Akot alifika na watoto wake wanane wakimwagika kwenye jeep kama maharage. Naila alimwonyesha kila bomba, akamwachia mche wa papai uliokuwa umemfika begani. Mwisho akamwonyesha ubao wa mlango.

"Hapa usipake rangi, dada."

Akot akasoma majina, polepole. "Sitapaka," akasema.

Alipobaki peke yake jikoni kwa dakika moja, Naila aliligusa bomba. "Asanteni kwa maji," aliwaambia watu ambao hakuwahi kuwaona na hakujua wako nchi gani. Ile sahani ya buluu aliisahau kwa sajini.

Kawempe kuku wakahama kwa shingo upande. Hamdun akarudi kwenye cherehani ya miguu. Mwezi wa kwanza alilalamika magoti, wa pili akalalamika dodo, wa tatu mkanda ukaanza safari ya kurudi. Kila Jumamosi Aloyo alimpima barazani, na kwa kuwa Kawempe hakuna siri, presha ya fundi ikawa ya mtaa. Mbambu wa nyanya alikuwa akiuliza kabla ya salamu: "Leo ngapi?" Na Muhamadi akigundua fundi hajapanda msikitini, alimfuata dukani na kumtukana ukoo mpaka ainuke.

Ilikuwa Ramadhani, alasiri, jeep ya jeshi ilipoingia Kawempe.

Ilipunguza mwendo mbele ya zahanati. Ikapita kisima. Ikasimama barazani kwa Hamdun, kioo cha mbele kikiwaka jua, aliye ndani haonekani. Mguu wa Hamdun ukasimama. Cherehani ikanyamaza. Naila, mlangoni, akaona mkono wa mumewe ukipanda kifuani, na moyo wake mwenyewe ukasimama kuusubiri wa mwenzie. Hawa wamekuja na barua nyingine, akawaza. Wamefikiri tena.

Makindye, kwa wakati kama huu, madirisha yangefungwa moja baada ya jingine. Naila alisubiri kuyasikia.

Badala yake akaja Muhamadi na suruali. "Fundi, hii imefumuka," akasema, akaketi barazani. Haikuwa imefumuka popote. Akaja Mbambu na gomesi, gauni lake la harusi, anataka lipunguzwe sasa hivi. Akaja imamu na kofia. Akaja mwenye nyumba. Akaja Aloyo na kikapu, kwa haraka hakuvaa viatu, akakaa karibu kabisa na Hamdun, na Olweny wake nyuma, na soksi mkononi. Watu kumi na moja, wengine hawakujua wameshika nini. Mmoja alileta gunia tupu, akaomba litariziwe kifuani. Wote walikuwa wanatetemeka. Hakuna aliyeondoka.

Mlango wa jeep ukafunguka. Sajini Rajabu akashuka, kakumbatia kitu kilichofungwa kitambaa, akatazama umati.

"Mama ya sahani iko wapi?"

"Hapa hakuna mama," Mbambu akasema, gomesi kifuani kama ngao.

"Wala sahani," Muhamadi akaongeza.

Naila akapenya katikati yao akicheka na kulia kwa wakati mmoja, tabia iliyokuwa imeshamzoea. Sajini akamkabidhi. Chini ya kitambaa, juu ya sahani ya maua ya buluu, palikuwa na papai moja kubwa, la njano, lenye joto la jua.

"Ya mti yako. Ya kwanza. Akot alisema sahani haiwezi rudi bila kitu, na Ramadhani hii. Na alisema niambie wewe, ile penseli ya mlango iko. Watoto yetu wanapimwa ubao wa pili."

Alipoondoka, watu wakaanza kuulizana nani alikuwa anaogopa, na ikagundulika hakuna aliyekuwa anaogopa. Aloyo hakuwasikiliza. Alikwisha kuufunga mkono wa Hamdun.

"Kimya nyote! Mnapandisha." Akapuliza, akaachia, akasikiliza. Baraza zima likashika pumzi.

"Mia na sitini na mbili."

"Imepanda," Naila akasema.

"Imepanda na jeep. Ngoja." Wakangoja. Hamdun alitazama nyuso zile, moja baada ya nyingine, suruali nzima na gunia na soksi.

"Muhamadi," akasema mwishowe, "hii suruali yako haijafumuka, umekuja kunipotezea muda."

"Wewe fundi gani huoni tundu?"

"Tundu liko kichwani mwako, kama ile timu yako ya mpira."

Wakaanza. Aloyo akapima tena katikati ya ubishi, akainua saa ya mashine juu watu waione, ingawa hakuna aliyejua kuisoma. "Mia na arobaini na sita kwa tisini!"

Naila hakungoja vigelegele. Papai lilitaka kuoshwa na magharibi ilikuwa inakaribia. Akachukua ndoo mbili, akashuka bondeni. Foleni ilikuwa ndefu, na alipojaribu kuchomekea, mtu alimpiga kiwiko cha mbavu, kigumu, cha zamani, anachokijua. Naila akakirudisha kwa nguvu zake zote.

"Alhamdulillahi," akasema, akasogeza ndoo yake mbele.